Gari moja moja dhidi ya saa: namna ya kufufua njia ya zamani ya mbio

Kinachozuia njia ya zamani kurudi kazini mara chache huwa uhaba wa magari. Ni kelele, ni nyumba zilizoisogelea, na ni gharama ya kuzilinda kona. Crystal Palace, kusini mwa London, inaonyesha yote matatu. Pikipiki zilianza kushindana humo mwaka 1927, magari yakafuata 1937. Njia ilipofunguliwa upya 1953, ikiwa imefupishwa hadi maili 1.39, majirani walikwenda mahakamani na matumizi yakabanwa kuwa siku 5 tu kwa mwaka. Kufikia 1972 dereva Mike Hailwood alikuwa anaizunguka kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, katikati ya bustani ya umma. Mwaka huohuo mbio kubwa zikakoma. Magari yaliporudi 2010, yalirudi moja moja, kila dereva akishindana na saa.

Goodwood, kusini mwa Uingereza, nako walirudisha mashindano ya bega kwa bega Septemba 18, 1998, lakini ile ni ardhi ya mwenye shamba mmoja. Kama njia yako iko ndani ya bustani au kiwanja cha manispaa, fuata mfano wa Crystal Palace.

Kabla ya kuandika barua yoyote, itembee njia kwa miguu, na uitembee siku ya mvua. Chukua gurudumu la kupimia, chokaa na kamera. Tia alama madimbwi, mifuniko ya mitaro, mizizi iliyoinua lami, na matuta yaliyowekwa baadaye kupunguza mwendo. Muulize mwenye eneo mapema kama matuta yatang'olewa na nani atayarudisha. Swali hili likiachwa hadi wiki ya mwisho, tukio linaahirishwa. Ndipo uombe kibali kwa chama cha taifa cha mchezo huu (Uingereza ni Motorsport UK), maana bila kibali hicho bima ni ngumu kupata.

Mstari wa kumalizia ndio unaokosewa kuliko kitu kingine chochote. Waandaaji huupeleka mbele iwezekanavyo ili njia ionekane ndefu, wakasahau kwamba gari linaupita likiwa bado limekanyagiwa mafuta. Piga hesabu. Gari la kilomita 160 kwa saa, likiwa na matairi mazuri kwenye lami kavu, linahitaji takriban mita 145 kusimama. Juu ya majani yaliyolowa mvua, mshiko ukishuka hadi chini ya nusu, zinafika 335. Kwa hiyo chukua ile ya mvua, ongeza nafasi ya dereva aliyechelewa kukanyaga breki, halafu rudisha mstari nyuma mpaka namba itoshe. Njia fupi yenye mahali pa kusimamia ni bora kuliko ndefu inayoishia getini.

Kwenye kona, funga matairi makuukuu kwa bolti, yawe kitu kimoja. Matairi yaliyopangwa tu bila kufungwa yakigongwa hutawanyika, na moja litabingirika hadi katikati ya njia. Usitumie marobota ya majani makavu hata kama yanapendeza kwenye picha za kale: yakilowa ni mazito kama ukuta, yakikauka ni kuni. Moto uliomuunguza dereva Lorenzo Bandini kule Monaco mwaka 1967 ulikolezwa na marobota hayo. Watazamaji wakae nyuma ya kizuizi, ndani ya kona, kamwe si upande wa nje ambako gari linaserereka. Aliyewahi kusimamia watu kwenye Safari Rally anajua kamba peke yake haimzuii mtu mwenye simu ya kupigia picha.

Kelele ipime kabla gari halijawashwa kwa mashindano. Weka kipimo nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, pembe ya digrii 45, injini ikizunguka kwa robo tatu ya kasi yake ya juu. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi: gari la desibeli 100 hapo litasikika kama 58 ukiwa mita 64. Magari mawili yanayolingana yakienda pamoja huongeza 3. Hesabu hii wapelekee majirani, pamoja na saa kamili za kuanza na kumaliza, na mapumziko ya mchana yasiyoguswa.

Pale pa kuanzia, mtu mmoja anasukumia kabari yenye mpini mrefu nyuma ya tairi la nyuma, gari lisirudi mteremkoni na dereva asiichome klachi kwa kungoja. Taa ikiwa kijani dereva huondoka anapokuwa tayari, kwani saa inaanza gari linapokata mwali wa taa ya kupimia muda. Kila gari livae mbele kibao cheusi kisichong'aa, kama sentimita 25 kwa 5, kimesimama wima. Bila hicho, gari moja litakata mwali kwa bampa na jingine kwa tairi, na malalamiko hayataisha.

Ratiba: magari 80, dakika moja kila moja, ni dakika 80. Ongeza 15 za kurudisha magari maegeshoni. Mizunguko minne, miwili ya mazoezi na miwili ya kupimwa muda, ni saa 6 na dakika 20. Na chakula saa 1. Katika siku ya saa 8 umebakiwa na dakika 40 za ajali na mafuta yaliyomwagika, kwa hiyo usipokee gari la 81. Kodisha ambulensi mbili, kwa sababu moja ikiondoka na mgonjwa na hakuna nyingine, mbio zinasimama.

Magari ya kale huvuja. Kila moja litandikiwe turubai chini maegeshoni, na kila kituo cha wasimamizi kiwe na ndoo mbili za saruji kavu na ufagio mgumu. Nyunyiza, sugua, zoa, nyunyiza tena. Saruji iliyozolewa itiwe kwenye mifuko, isisukumwe mtaroni, kwa kuwa mtaro wa bustani aghalabu unaishia kwenye bwawa la samaki, na Jumatatu mkaguzi wa manispaa ataanzia hapo.