Kabla hujamleta mtoto: ya kuzingatia kuhusu shule ndogo ya kanisa kijijini Kibera

Ukitaja shule ya kijijini, watu hufikiria migomba na kisima. Kibera, mtaa wetu wa mabanda hapa Nairobi, nayo ina vijiji vyake: Kianda, Gatwekera, Kisumu Ndogo, Lindi, Laini Saba, Silanga, Makina na vinginevyo, na vingi vina shule iliyoanza kama darasa la Jumapili la watoto wa kanisa. Yetu ni mojawapo. Tuna chekechea hadi Gredi ya 6, walimu 9, na jengo la mabati ambalo Jumapili ni hekalu. Mbali na kufundisha Gredi ya 4, mimi ndiye huwapokea wazazi wanaokuja kutukagua. Wengi huuliza swali moja tu, karo ni ngapi, kisha hao wanaenda. Haya hapa ndiyo ningetamani waulize, hata kama mengine yatatuaibisha.

Kwanza, njoo siku isiyo na sherehe. Siku ya wazazi huwa tumepiga deki, watoto wamekariri mashairi na mwalimu mkuu amevaa koti. Njoo Jumanne au Jumatano, kama saa nne kasorobo hivi, uji unapogawanywa, kisha uombe kukaa nyuma ya darasa kipindi kinachofuata. Ukija Aprili, bora zaidi. Mvua ikianza kupiga mabati, sauti ya mwalimu humezwa yote, hata apige kelele vipi. Mimi huandika zoezi ubaoni nikapita dawati kwa dawati nikimwinamia kila mtoto sikioni. Mwenzangu wa Gredi ya 2 huwapa watoto udongo wa kufinyanga herufi. Ukimkuta mwalimu amekunja mikono anangoja mvua iishe, na mvua ya Aprili haina haraka, basi umeona ulichokuja kuona.

Ukiweza, pita pia Jumatatu alfajiri. Kila Jumamosi jioni plaiwudi inayotenga Gredi ya 2 na ya 3 hutolewa ili waumini wapate nafasi, na chati za watoto huviringishwa zikawekwa nyuma ya spika. Jumatatu saa moja kasoro utatukuta tukizirudisha, na kuna wiki chati ya irabu hurudi na alama ya kiatu. Shule inayoishi nyumba moja na kanisa iko hivyo. Swali la kuuliza ni je, kukiwa na kongamano la maombi katikati ya wiki, nani huhama? Kwetu watoto hawahami. Tulibishana na wazee wa kanisa kuhusu hilo vikao viwili vizima, na pasta ndiye aliyetutetea. Akihamishwa pasta huyo, sijui wa kesho atasema nini, na huo ndio udhaifu wa shule ndogo: mambo mengi yanasimama juu ya mtu mmoja.

Sasa imani, maana hapa ndipo wazazi hunyamaza wakidhani kuuliza ni utovu wa adabu. Shule ya Kikristo inaweza kuwa jina langoni tu, na inaweza kuwa ratiba nzima. Sisi huanza saa moja na nusu kwa wimbo, kisomo kifupi na sala, dakika 10 hivi. Kuna somo la CRE, yaani dini ya Kikristo, lililo kwenye mtaala wa taifa, na kuna kipindi cha PPI, cha malezi ya kiroho, ambacho hata shule za umma zinacho. Ukiwa Mwislamu, na majirani zetu wengi wa Makina ni Waislamu, wakiwemo wazee wa Kinubi ambao babu zao ndio waliolipa eneo hili jina, uliza wazi. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asilazimishwe kufanya tendo lililo kinyume cha imani yake. Kwetu mtoto Mwislamu anaweza kuingia baada ya sala bila kuandikwa kuwa amechelewa. Lakini mwalimu wa IRE, somo la dini ya Kiislamu, hatuna, na ni afadhali ulijue hilo leo kuliko mtoto akiwa Gredi ya 5.

Wakristo nao wasidhani wako nyumbani moja kwa moja. Kama nyinyi ni Waadventista, ulizeni habari za Jumamosi, kwa sababu shule nyingi mtaani huita watoto siku hiyo kwa masomo ya ziada na yale yaliyofunzwa hayarudiwi Jumatatu. Kama ni Wakorino, ulizeni kuhusu kilemba na sare. Familia za Kirasta huniuliza kuhusu nywele, na nina la kuwaambia: mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimpa haki msichana Mrasta aliyekuwa amezuiwa kuingia shule ya sekondari hapa hapa Kibera kwa sababu ya rasta zake. Ile ilikuwa shule ya umma. Shule ya kanisa inaweza kujiona ina kanuni zake, kwa hivyo pata jibu kabla hujamwita kinyozi.

Januari moja alikuja shosho kutoka Lindi na wajukuu wawili, amewashika mkono kila upande.

"Mwalimu, nimesikia hapa mnafunza watoto kuomba."

"Ndiyo, shosho."

"Kuomba nimewafunza mimi. Kusoma je?"

Nilimpeleka Gredi ya 3. Mwenyewe akachukua kitabu cha Kiswahili mezani, akafungua katikati, akamwonyesha msichana wa dawati la mbele ukurasa. Msichana akasoma, akakwama kwenye neno "wamekwishaondoka", akarudi nyuma, akalikata vipande, akalipata. Shosho hasomi yeye, lakini alijua alichokuwa anasikiliza: mtoto anayepambana na neno, wala si kasuku anayeimba ukurasa aliouzoea. Mtihani huo nakupendekezea. Chagua ukurasa wewe, si mwalimu.

Kuhusu kiboko sitazunguka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kumpiga mtoto, shule iwe ya serikali au ya askofu. Katika shule za kanisa kuna mtu hatakosa kukuletea Methali na fimbo yake. Usibishane naye. Angalia juu ya kabati ofisini na nyuma ya mlango wa darasa uone kama kuna kipande cha mpira kimelala pale, kisha mtoto akishaanza masomo muulize yeye, si sisi. Namba ya kuripoti madhila ya watoto ni 116, na kuipiga ni bure.

Halafu kuna makaratasi. Shule nyingi za aina yetu ziko chini ya mpango wa APBET, yaani elimu mbadala, ambao sera yake ni ya 2009. Omba kuona cheti cha usajili chenyewe, maana "tumetuma maombi" ni jibu linaloweza kudumu miaka. Kila mwalimu nchini, hata yule anayelipwa na kanisa, anatakiwa kisheria awe amesajiliwa na TSC, tume ya walimu, kwa hivyo kuomba namba yake si matusi. Uliza pia watoto wa Gredi ya 6 hufanyia wapi KPSEA, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Shule isiyo na kituo chake husajili watoto kwa jirani, na siku hiyo mtoto anaamkia shule asiyoijua, pengine ng'ambo ya reli. Matokeo ya KPSEA huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho za Gredi ya 9, kwa hivyo si karatasi ya kupita tu.

Na baada ya Gredi ya 6 je? Sisi tunaishia hapo. Sekondari msingi ilipoanza Januari 2023, iliwekwa ndani ya shule za msingi, lakini si yetu, na watoto wetu wanalazimika kuhama wakiwa na miaka 12 hivi, kutoka darasa la watoto 22 hadi darasa ambalo mwalimu huenda asijue majina yao mpaka muhula wa pili. Wengine huchanua. Wengine huzama miezi kadhaa. Anza kutafuta akiwa Gredi ya 5.

Jengo nalo litazame kama fundi. Asubuhi ya Septemba 23, 2019, darasa lenye ghorofa lililojengwa kwa mabati na mbao liliporomoka Ngando, Dagoretti, likaua watoto waliokuwa ndio kwanza wameanza wiki. Tangu siku hiyo naangalia nguzo kabla sijaangalia ubao. Ukiona ghorofa juu ya mabati, ondoka. Mlango wa darasa unatakiwa kufunguka kwa nje, na uwe na njia ya pili ya kutokea, hasa mahali ambapo jiko la jirani liko upande wa pili wa ukuta. Vyoo vihesabu: kipimo kinachotumika nchini ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Sisi kwa wavulana tumepita kidogo. Kwa wasichana tuko sawa, na mlango una komeo la ndani, jambo ambalo mama wa binti atakuwa ameliangalia kabla sijamaliza sentensi.

Ardhi ni ya nani? Hilo hakuna anayeniuliza. Julai 2018 tingatinga zilipopita Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, shule zilibomolewa pamoja na nyumba, na watoto wakaja siku ya pili wakakuta vifusi. Kanisa letu lina barua ya chifu. Hatimiliki halina. Kama shule iko karibu na mto, uliza pia maji yalifika wapi katika mafuriko ya 2024, mwaka ambao muhula wa pili ulicheleweshwa nchi nzima hadi Mei 13. Mwalimu wa eneo hilo atakuonyesha mstari ukutani.

Nirudi kwenye karo, ambayo najua ndiyo uliyoifuata. Usiulize karo, uliza mwaka mzima unanigharimu nini. Juu ya karo kuna vitabu, rimu ya karatasi, tisu, ufagio, na vile vifaa vya mtaala wa umilisi ambavyo mtoto huvitangaza saa tatu usiku, "Mama, kesho tunatakiwa manila na gundi." Lipa kwa paybill ya shule, uweke ujumbe wa M-Pesa. Ukimpa mwalimu pesa mkononi, hata mimi, dai risiti. Chakula nacho kihesabu. Katika shule za umma za Nairobi mtoto hupata chakula cha mchana cha Dishi na County kwa shilingi 5, mpango ulioanza 2023. Sisi hatumo. Githeri yetu inapikwa hapa na mama wawili wa kanisa, na mzazi ndiye anayeinunua. Kuna wazazi wamekaa chini, wakapiga hesabu hiyo moja, wakampeleka mtoto shule ya umma, na sikuwalaumu.

Sehemu ya mshahara wetu hutoka kwa mfadhili wa ng'ambo. Shule ikikuambia karo ni ndogo kwa sababu ya wafadhili, uliza mkataba unaisha lini, na mara ya mwisho pesa zilipochelewa nini kilitokea. Kwetu zilichelewa muhula mmoja. Walimu wawili wakaondoka, nikashika Gredi ya 4 na ya 5 pamoja, plaiwudi ya kati yao ikaondolewa hata siku za kazi. Uliza pia kama mtoto wako atapigwa picha za kutumwa huko, na una ruhusa ya kukataa. Mzazi mmoja alikataa mwaka jana. Mtoto wake bado yuko, na picha yake haipo.

Ukisharidhika, mlete yeye mwenyewe, na cheti cha kuzaliwa. Bila cheti tunamwingiza darasani, lakini hatuwezi kumwingiza kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi tuliozoea kuuita NEMIS, na shida hiyo hulala kimya mpaka usajili wa KPSEA ndipo huamka. Kama hana, anza kukitafuta sasa. Leta kitabu cha chanjo, na kama anahama, ripoti ya shule aliyotoka. Tutamsomesha kidogo tujue aanzie darasa gani.

Sare usinunue bado. Mwache akae wiki mbili na nguo za nyumbani, tuone kama atalia langoni kila asubuhi au la. Baadaye nenda soko la Toi utafute sweta ya kijani kibichi, ile isiyo na mistari. Mikono ikiwa mirefu ni sawa, ataikuta Gredi inayofuata. Nembo tunayo ofisini, na mmoja wa wale mama wa githeri ndiye hushona.