Somo: Kutatua jeti bapa, na mkia wa mtiririko nyuma ya kitu

Giligili (kimiminika au gesi) ikichomoka kwenye mwanya mrefu mwembamba na kuingia katika giligili ileile iliyotulia, tunapata jeti bapa. Schlichting aliishughulikia mwaka 1933, na mwaka 1937 Bickley akatoa jibu lake kwa fomyula fupi. Wanafunzi wengi huvamia mlinganyo moja kwa moja wakakwama. Nawasihi: tafuteni kwanza kisichobadilika njiani.

Hatua ya 1. Kanieneo ni sawa kila mahali, hivyo hakuna kinachoisukuma jeti wala kuirudisha nyuma. Momenta inabaki ileile: ∫u²dy haibadiliki kwa x yoyote (x ni umbali kutoka mwanya, y ni umbali wa pembeni kutoka katikati ya jeti, u ni kasi ya kwenda mbele).

Hatua ya 2. Andika mlinganyo wa tabaka mpaka, yaani wa mtiririko ulio mwembamba kuliko urefu wake (v ni kasi ya upande wa y, ν ni mnato uliogawanywa kwa densiti):
u·∂u/∂x + v·∂u/∂y = ν·∂²u/∂y²

Hatua ya 3. Utamu wote uko hapa. Chukulia kasi ya katikati inapungua kama x^(−m), na upana δ unakua kama x^n. Momenta inadai n = 2m. Mlinganyo nao unadai u²/x ilingane na νu/δ², yaani m = 2n − 1. Ziunganishe: m = 1/3, n = 2/3. Hatujatatua mlinganyo, na tayari tunajua jeti inavyopanuka! Hakiki: ukienda umbali mara 8, kasi inabaki nusu na upana unakuwa mara 4. (1/2)² × 4 = 1. Momenta imetimia.

Hatua ya 4. Weka η ∝ y/x^(2/3) na ψ ∝ x^(1/3)·f(η), ambapo ψ ni fanksheni ya mtiririko (u = ∂ψ/∂y, v = −∂ψ/∂x). Ukichagua vizidishi vizuri:
f''' + 2ff'' + 2f'² = 0
Intigreti: f'' + 2ff' = 0 (ulinganifu unaifanya namba ya kuongeza iwe sifuri). Tena: f' + f² = 1. Basi f = tanh η, na u = u₀·sech² η, u₀ ikiwa kasi ya katikati.

MASWALI

*Mwalimu, kasi nusu mara upana 4 ni 2. Ujazo unaopita umeongezeka maradufu, umetoka wapi?*
Umeona vizuri sana. Mnato unaiburuta giligili ya pembeni iingie ndani ya jeti. Inaingia bila momenta ya kwenda mbele, ndiyo maana momenta haiongezeki.

*Shikamoo mwalimu. Mkia nyuma ya silinda, yaani mtiririko uliopunguzwa kasi na silinda, una vipeo (m na n) hivyohivyo?*
Marahaba. Hapana. Mbali na silinda, upungufu wa kasi w ni mdogo sana kuliko U, kasi ya mkondo unaoijia silinda, hivyo mlinganyo unakuwa U·∂w/∂x = ν·∂²w/∂y², sawa na wa joto. Kisichobadilika sasa ni ∫w dy = D/(ρU), D ikiwa ukinzani kwa kila mita ya silinda na ρ densiti ya giligili. Upana unakua kama x^(1/2), w inapungua kama x^(−1/2), na umbo ni exp(−Uy²/4νx).

*Na jeti ikiwa ya msukosuko?*
Mnato hautawali tena upana, kwa hiyo upana unakua kama x. Rudi Hatua ya 1: n = 1, hivyo m = 1/2.

*Kwenye x = 0 kasi inakuwa isiyo na kikomo?*
Kwenye fomyula, ndiyo. Jibu hili ni la mbali na mwanya. Karibu na mdomo wake usilitumie.