Jinsi ya kuomba mashauri yaunganishwe kwenye Mahakama ya Afrika, Arusha

Wakili akigundua kuna maombi mawili yanayofanana mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mara nyingi hukimbilia kuandika ukurasa mmoja: "Tunaomba yaunganishwe." Sahihi, muhuri, kwisha. Halafu anashangaa kwa nini mteja wake mmoja amebaki ananing'inia. Naeleza ninavyofanya mimi, na mfano wangu ni shauri la mgombea binafsi, ambalo wengi wetu tunalifahamu.

Juni 2011 yalifunguliwa maombi mawili dhidi ya Tanzania. Na. 009/2011 yaliletwa na Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Na. 011/2011 yaliletwa na Mchungaji Christopher Mtikila. Yote yalipinga sharti kwamba lazima mgombea adhaminiwe na chama cha siasa. Septemba mwaka huohuo Mahakama iliyaunganisha, na tarehe 14 Juni 2013 ikatoa hukumu moja: Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Hatua ya 1: Angalia kama mlango uko wazi

Tanzania iliondoa tamko lake la ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama, yaani tamko linaloruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki nchi moja kwa moja Arusha, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020. Yaliyofunguliwa kabla ya hapo yanaendelea. Mteja anayekuja kwako leo humpandishi kwenye basi la mwenzake lililokwisha kuondoka, hata kama kilichowapata ni kilekile. Mwambie mapema, kabla hajauza mbuzi wa nauli.

Hatua ya 2: Chora jedwali

Mimi hubandika karatasi ya manila ukutani. Kila mleta maombi ana mstari wake: tukio na tarehe, kifungu cha sheria ya nchi, ibara ya Mkataba, mahakama za ndani alikopita, nafuu anayoomba. Wanapolingana natia kalamu ya kijani, wanapoachana nyekundu.

Kanuni ya 62 ya Kanuni za Mahakama za 2020 (zamani ilikuwa ya 54) inataka muungano ufae kwa ukweli wa mambo na kwa sheria. Kwa vyote viwili. Chukua wafungwa wawili waliohukumiwa kunyongwa kwa kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Kisheria ni mapacha. Lakini mmoja analalamikia utambuzi wa usiku, mwingine anasema hakupewa mkalimani. Hapo karatasi inajaa wekundu, na mimi huwaacha kila mmoja na jalada lake.

Hatua ya 3: Pima njia za ndani za kila mmoja

Hapa ndipo penye kazi: kabla ya kuja Arusha, mleta maombi anatakiwa awe amemaliza njia za ndani, yaani mahakama za nchi yake. Mtikila alikuwa amezunguka miaka: alifungua kesi Mahakama Kuu 1993 akashinda, Katiba ikabadilishwa, akarudi 2005, akashinda tena, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo 2010. Zile taasisi mbili hazikuwa wadaawa katika safari hiyo, na Serikali ikaweka pingamizi. Arusha ikasema hapakuwa na haja ya kupita njia ambayo mwisho wake ulikwisha kujulikana.

Usiisome hoja hiyo kana kwamba muungano unatibu kila kasoro. Ilifaa kwa sababu kilicholalamikiwa kilikuwa sheria yenyewe, na Mahakama ya Rufani ilishaitolea uamuzi. Mteja anayelalamikia mwenendo wa kesi yake mwenyewe hawezi kujificha nyuma ya rufaa ya jirani. Kwa hiyo andika aya ya njia za ndani kwa kila mmoja, peke yake. Niliwahi kunakili aya ya mteja mmoja kwenye hati ya mwingine, nikasahau kubadili tarehe ya rufaa. Wakili wa upande wa pili aliisoma kwa sauti. Mara mbili.

Hatua ya 4: Andika ombi

Fupi. Taja namba zote za maombi, hatua ambayo kila shauri limefikia, mjibu maombi ni nani, na mambo matatu au manne ya kijani kutoka kwenye jedwali. Mekundu yataje pia, maana Serikali itayataja. Eleza muungano utaokoa nini: mashahidi walewale, ushahidi uleule. Kama shauri moja limekwisha kufungwa kwa ajili ya hukumu na jingine halijajibiwa, subira itamuumiza wa kwanza; huyo usimuunganishe. Mahakama yenyewe inaweza kuunganisha bila kuombwa, na kanuni hiyohiyo inairuhusu kutenganisha, kwa hiyo jiandae kwa yote. Peleka kwa Msajili. Hakuna ada.

Hatua ya 5: Nafuu zisichanganywe

Hukumu ikiwa moja, madai hayageuki kuwa mamoja. Katika shauri la mgombea binafsi, Mtikila ndiye aliyepewa siku 30 alete hoja zake za fidia. Juni 2014 dai hilo la fedha lilikataliwa: hakuthibitisha hasara, na gharama za mawakili hazikuwa na risiti. Tangu niusome uamuzi huo kila mteja wangu ana bahasha yake ya kaki yenye jina lake juu, na tiketi ya basi la kuja Arusha inaingia humo siku ileile.