Gundi kwa sindano ya kofia
Kwa wanaounda manowari za mfano za kipimo cha 1/350 (ndogo mara 350 kuliko halisi): mtutu wa Oerlikon ya milimita 20 (mzinga wa kutungulia ndege) hapo una urefu wa kama milimita 4 tu. Ukiminya supaglu moja kwa moja kutoka kwenye kichupa, mzinga umeshauzamisha kabla ya vita. Chukua sindano ya kushonea kofia, kata ncha ya tundu kwa koleo, ibaki panda ndogo kama uma. Dondosha tone juu ya kifuniko, chovya, gusa kiungo. Gundi inajivuta yenyewe ndani ya ufa. Masika hapa Unguja tone huganda upesi, maana supaglu hukazwa na unyevu, basi dondosha kidogo kidogo. Penye rangi haishiki vizuri, kwangua kwanza. Panda ikiziba, ikwangue kwa wembe.