Kuchagua Springi za Mbele za Land Rover ya Zamani kwa Fedha Kidogo

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mpwa wangu, hapa Isevya mjini Tabora, kufufua Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Alikuwa ameshawishiwa akate ekseli ya mbele na kuchomelea koili (springi za kujiviringisha) na wishboni (mikono ya chuma inayoshika kila gurudumu peke yake) za pikapu iliyokufa.

Hatua ya kwanza: bakiza ekseli. Wishboni huliacha kila gurudumu lipande na kushuka peke yake, na kwenye lami gari hutulia zaidi. Hata hivyo, chesisi ya Land Rover haikuimarishwa mahali ambapo wishboni hukazwa, na kipande kikichomelewa kimepinda milimita chache tu, tairi zitalika upande mmoja daima. Isitoshe, difu ya mbele, yaani gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, imo ndani ya ekseli hiyohiyo. Ukiitoa, umejinyima nguvu ya magurudumu manne ambayo utaihitaji sana masika yakianza.

Hatua ya pili: pima kabla ya kununua. Egesha gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, upepo wa tairi ukiwa sawasawa, kisha pima kutoka mgongo wa ekseli hadi chini ya chesisi, pande zote mbili. Usipime kwenye madigadi, kwa sababu bodi yenyewe huweza kuwa imekaa upande. Kagua pia mabapa, yaani vipande vya chuma vilivyopangana kuunda springi: bapa lenye ufa halichomelewi.

Hatua ya tatu: nunua. Springi zilizotumika nazikubali, mradi ziwe za gari la aina ileile na kila moja ifungwe upande wake, maana ya upande wa dereva ilikunjwa zaidi ili ihimili uzito wa ziada. Shokapu, bushi na yubolti (bolti zenye umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli) sizinunui zilizotumika hata kwa bei ya kutupa.

Hatua ya nne: funga, lakini usikaze. Hapa ndipo mimi nilipopoteza siku mbili kwenye gari langu. Nilikaza bolti zote za springi gari likiwa juu ya mawe. Lilipotua likabaki limenyanyuka na kuegemea upande, nami nikawa nahamisha springi kulia na kushoto nikidhani nimeuziwa mbovu. Kosa lilikuwa kwenye bushi. Bushi hizi zina raba iliyogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma, na bolti ikishakazwa, bomba la ndani halizunguki tena, hivyo kila springi inapocheza ni raba inayojinyonga. Ukikaza gari likiwa hewani, raba inaanza kazi ikiwa tayari imenyongwa: hulizuia gari lisikae kimo chake, kisha huchanika mapema. Kwa hiyo ingiza bolti na nati kwa mkono tu, shusha gari litue kwa magurudumu yake, litikise kwa nguvu, lisukume mbele na nyuma mita chache, ndipo ulale chini yake na spana. Usifanye hivyo jeki ikiwa bado inabeba uzito, hata kidogo.

Hatua ya tano: rekebisha tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, mpaka nafasi kati ya magurudumu hayo kwa mbele iwe ndogo kuliko kwa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4.