Jinsi ya kumtanguliza Mungu ukiwa mtu wa soko

Wengi wakiamua kumtanguliza Mungu, jambo la kwanza ni kujaza ratiba: kesha Ijumaa, kwaya Jumamosi, semina, vyama viwili vya kanisa. Mimi nauza nafaka Kibuye, hapa Kisumu, na nakushauri uanzie kwingine. Anza na kile unachoshika kutwa. Kwangu ni gorogoro.

Gorogoro, kwa asiyeijua, ni mkebe wa kilo mbili tunaopimia mahindi na maharagwe. Gunia la kilo 90 hutoa gorogoro 45. Sasa wapo wanaogonga kitako cha mkebe kwa nyundo kikaingia ndani. Ukitazama kwa juu umejaa hadi kilele, na gunia lilelile likatoa 48. Hizo tatu zimetoka kwenye sufuria ya mama aliyekuja na pesa za kuhesabu. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Basi uamuzi wako upeleke hapo kwanza. Nunua mkebe mzima, upindue mteja aone kitako, ndipo umpimie. Kama wewe ni fundi wa nguo, angalia kitambaa kinachobaki. Kama ni mtu wa boda, angalia nauli unayomtajia mgeni. Na usiruke hatua hii, tafadhali, kwa sababu hakuna wingi wa sala utakaofunika kipimo cha wizi.

Ukishanyoosha kipimo, tafuta wakati. Usijiahidi saa nzima ya maombi alfajiri ilhali unaamka saa kumi kupokea mzigo; utachoka upesi, kisha uone haya kurudi. Sisi Wakatoliki tuna sala ya Malaika wa Bwana: asubuhi, saa sita mchana na jioni. Ni ya dakika chache tu. Saa sita ndipo soko limepamba moto, mikokoteni inapiga kelele ipishwe, na mimi husimama nyuma ya magunia yangu nikasali. Mteja akija namwomba anisubiri kidogo, na husubiri. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku akiwa mtumishi wa mfalme wa kigeni, tena akijua amri ya kumkataza imeshatiwa sahihi. Kama kanisa lenu halina sala hiyo, chukua Zaburi ya 23, ina mistari sita. Ila ya asubuhi isali kabla hujashika simu. Ukianza na meseji za wadai, utaamka ukiwa mtumwa wao.

Jumapili ndiyo ngumu, maana ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Nenda misa ya kwanza. Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa liko hapa hapa, huna safari. Wapo watakaokuambia ufunge meza siku nzima. Mwenye uwezo na afunge, nami namheshimu. Lakini mjane anayelipa karo kwa mauzo ya Jumapili simtwiki mzigo huo. Ninachokataa ni kuketi kanisani roho ikiwa sokoni, unachungulia simu padri akihubiri. Mwachie meza mtu unayemwamini, uzime simu, uwepo.

Sadaka itenge mara tu unapofunga mauzo, kabla ya mchango wa chama cha akiba na kabla ya matumizi ya nyumbani. Ukingoja kinachobaki, hakibaki.

Halafu kuna wanaokufanyia kazi. Sheria ya Musa, katika Walawi 19:13, inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi. Kwa hiyo kijana wa mkokoteni aliyekuletea magunia mlipe jioni ileile, hata kama siku imekuwa mbaya, na umlipe kabla hajalazimika kukuomba.