Somo: Mgeni akikufikia London, siku ya tatu mpe kadi

Wageni wangu wa kwanza hapa London niliwatembeza kama mtu anayedaiwa. Mnara, daraja, ikulu, soko, vyote kabla jua halijazama. Usiku mama mdogo akavua viatu, akakanda vidole, akasema, "Mwanangu, London nimeiona. Sasa nirudishe nyumbani." Na hiyo ilikuwa Jumatatu ya kwanza, kati ya wiki mbili za kukaa! Tangu hapo nina utaratibu huu.

Hatua ya 1: Kila mtu na kadi yake

Mabasi ya hapa hayapokei pesa taslimu tangu 2014. Unagusa kadi kwenye mashine ya njano, basi. Kadi ya benki yenye alama ya mawimbi inakubali, hata ya kutoka nyumbani, ila benki yake inaweza kumkata ada. Anayekaa siku nyingi namnunulia Oyster, kadi ya nauli ya London unayoijaza hela. Kadi yenyewe unailipia na hela hiyo hairudi.

Kwenye basi gusa unapoingia tu. Kwenye treni gusa unapoingia na unapotoka. Na jamani, usiingie kwa kadi ukatoka kwa simu, hata kama ndani ya simu umeweka kadi ileile. Mashine inaona watu wawili, wote safari zao hazijaisha, na kila mmoja anakatwa nauli ya juu kabisa. Mimi nililiwa hivyo nikiwa na begi mkono mmoja na mwavuli mwingine, nikaona simu ndiyo iko karibu.

Ukitumia kitu kilekile siku nzima, nauli ikifika kikomo cha siku haikatwi tena. Hapo ndipo unapookoa hela.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza ni ya nyumbani

Muonyeshe bomba la maji ya moto, ufunguo, na kituo cha basi kilicho karibu. Alale.

Hatua ya 3: Sehemu moja kwa siku, yenye kiti na choo

Usicheke hilo la choo. Vituo vingi vya treni katikati ya mji havina, na mzee hawezi kukwambia kila mara. Ndiyo maana napenda makumbusho: British Museum na Natural History Museum kuingia ni bure, kuna mabenchi, kuna joto. Pale Natural History, ukiingia ukumbi mkubwa, kuna mifupa ya nyangumi wa buluu ya mita 25 imening'inizwa juu. Mjomba alikaa chini yake nusu saa akihesabu mbavu, akipotea anaanza upya. Nilikuwa na mpango wa kwenda sehemu nyingine mbili. Nikauacha.

Siku za kazi toka baada ya saa tatu na nusu asubuhi. Nauli ya treni inashuka na watu wanapungua.

Hatua ya 4: Basi kabla ya treni

Treni ya chini ya ardhi inafika haraka, lakini mgeni anaona ukuta mweusi. Panda basi namba 15 pale Trafalgar Square, kaa juu, mbele kabisa. Linapita kanisa kuu la St Paul's hadi ngome ya Tower of London, kwa nauli ya basi la kawaida. Ukibadilisha basi ndani ya saa moja tangu ulipogusa mara ya kwanza, hulipi tena.

Halafu kuna ngazi za umeme. Za kituo cha Angel zina urefu wa mita 61, na mama mdogo alizitazama kama mtu anayetazama kisima. Alikataa katakata. Tulirudi nje, watu wakihema nyuma yetu, tukapanda basi. Siku hizi naangalia kwanza ramani inayoonyesha vituo vyenye lifti.

Hatua ya 5: Jembe

Wahenga walisema siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni kadi ya basi. Chagua njia moja tu inayopita karibu na kwako, muandikie kwenye karatasi jina la kituo na anwani, mwache aende na kurudi peke yake. Mara ya kwanza nilikaa dirishani saa nzima. Mama mdogo akarudi na mfuko wa vitunguu, na habari za jirani ambaye mimi miaka minne sijui hata jina lake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada anakuja na watoto, wa miaka 9 na 13. Nauli zao?

Jibu: Wa 9 hulipi, basi wala treni ya chini ya ardhi, mradi kwenye treni awe na mtu mzima aliyelipa. Wa 13 mnunulie Oyster, kisha mwombe mhudumu wa kituo aiwekee punguzo la wageni vijana. Atalipa nusu kwa siku 14.

Swali: Wazazi wangu wanakuja Juni. Ratiba ya swala inakuwaje?

Jibu: Magharibi inaingia baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo matembezi ya jioni msiyaogope. Ijumaa wapeleke msikiti wa Regent's Park, halafu mkae bustanini hapo hapo. Desemba ni kinyume: saa kumi jioni giza.

Swali: Akiugua je?

Jibu: Ushauri piga 111, dharura 999. Huduma ya chumba cha dharura hailipiwi, lakini akilazwa bili inaweza kuja, tena nzito. Akate bima kabla ya kupanda ndege.

Swali: Mgeni wangu ana wiki ya tano, na hataji tarehe ya kurudi. Nifanyeje mkuu?

Jibu: Muulize tiketi yake inasemaje, mkiwa mezani, watu wakisikia. Viza ya matembezi kwa kawaida ni miezi 6, kwa hiyo usitegemee Uhamiaji wakufanyie hiyo kazi.